Ufa Chini ya Rangi

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya kijana anayevutwa na sura ya mtu kabla ya kuijua tabia yake. Leo, msomaji, nataka tuitwae kama ilivyo, bila ya kuipa maana ya pili. Nataka tuzungumze juu ya nyumba hasa: nyumba ya mawe na saruji, yenye mlango uliopakwa rangi mpya, ambayo mtu huilipia kodi kila mwezi, na ambayo ndani yake ukuta una ufa na pembe za dari zimeota kuvu.

Huenda ukadhani kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Mambo ya maadili, utasema, ni ukweli na uongo, haki na dhuluma, uhai na mauti. Subiri kidogo. Nitajaribu kukuonyesha kwamba mambo hayo yote yaweza kupatikana ndani ya chumba kimoja cha kupanga, tena wewe mwenyewe, kama hukai katika chumba cha namna hiyo sasa, yamkini utakaa siku moja utakapokwenda kutafuta elimu au kazi.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza: mtu anapolipa kodi, hununua nini? La pili ni gumu zaidi: mpangaji anapoiona hatari akanyamaza, je, ni mnyonge aliyedhulumiwa, au ni mshirika wa dhuluma?

Tuanze na nyumba yenyewe. Kazi yake ya kwanza ni kumkinga mtu na mvua, jua na baridi. Kazi yake ya pili ni kumlinda na mwizi na adui. Kazi ya tatu, ambayo naiona kubwa kuliko hizo mbili, ni kumpa mahali pa kulala bila ya hofu. Mtu aliyelala ni kiumbe dhaifu. Haoni, hasikii, wala hana silaha mkononi. Kila usiku huikabidhi roho yake kwa Mungu, na mwili wake huukabidhi kwa kuta nne na dari. Kwa hiyo kila ajengaye nyumba ili watu wengine walale ndani yake amepokea amana, apende asipende. Neno hili amana ulishike, maana tutalirudia.

Kuna maadui wawili wanaoishi ndani ya nyumba mbovu. Adui wa kwanza ni kuvu, au koga kama waitavyo wengine. Kuvu ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni vumbi jepesi lisiloonekana kwa macho. Huelea hewani na kuingia katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Lakini mbegu hizo haziwezi kuota mpaka zipate maji. Basi kuvu ukutani ni shahidi. Husema kwamba pana maji mahali yasipopaswa kuwapo: bati limetoboka, au bomba linavuja ndani ya ukuta, au maji ya ardhini yanapanda kutoka katika msingi, au chumba hakina dirisha la kutolea mvuke wa jiko na pumzi za watu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu majumbani, likaeleza kwamba wakaao katika nyumba za namna hiyo huwa katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua na kupata pumu. Anayepaka rangi juu ya kuvu bila ya kuyazuia maji hajaondoa kitu. Amemziba shahidi mdomo, na shahidi huyo atasema tena mvua itakaporudi.

Adui wa pili ni ufa. Ni kweli kwamba si kila ufa huashiria hatari. Plasta inapokauka huweza kupasuka nyufa nyembamba kama unywele, na nyumba isimame miaka 50. Ufa wa kuogopwa ni ule unaopita mshazari, unaokata hata mawe yenyewe, unaoanzia penye pembe ya dirisha au mlango, na zaidi ya yote, unaokua. Mara nyingi asili yake iko chini. Sehemu nyingi za nchi yetu, na hata za jiji la Nairobi, zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba unaponyeshewa na kusinyaa unapokauka. Nyumba iliyowekwa juu ya udongo huo bila ya msingi wa kutosha huinuliwa na kushushwa kila mwaka, kama mtu aliyekaa juu ya kifua cha mwingine anayepumua. Au asili yake ni uchoyo: saruji ilipunguzwa, mchanga ukazidishwa, vyuma vikawa vyembamba, au ghorofa zikaongezwa juu ya msingi usioweza kuzibeba. Tena maji yakiingia katika ufa hufika kwenye vyuma. Vyuma hushika kutu, na kutu huvimba na kuipasua zege kutoka ndani. Hivi ndivyo maadui wetu wawili wanavyosaidiana.

Sasa niruhusu nikusimulie habari yangu mwenyewe, ambayo sijivunii.

Miaka michache baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilihamishwa kwenda kufundisha katika mji mmoja wa bara ambao sitautaja. Mimi, mke wangu na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu tulipanga chumba na sebule katika ploti moja karibu na shule. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya samawati inayopendeza. Nililipa kodi ya mwezi mmoja pamoja na amana ya miezi miwili, nami nikajihesabu kuwa mtu mwenye bahati, kwa kuwa kodi ilikuwa ndogo kuliko zote mtaani.

Mvua ya masika ilipoanza, pembe ya chumba cha kulala iligeuka rangi. Kwanza ilikuwa kijivu, kisha kijani, kisha nyeusi. Nguo tulizoziweka karibu na ukuta zilinuka. Mtoto akaanza kukohoa usiku, kikohozi kikavu kisichokoma kwa dawa. Kisha mke wangu alinionyesha ufa uliotoka chini ya dirisha ukielekea sakafuni. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nilichukua kalamu ya risasi, nikachora mstari mfupi palipoishia ufa, na kando yake nikaandika tarehe. Baada ya wiki tatu ufa ulikuwa umeupita mstari wangu kwa urefu wa kidole. Nikachora mstari wa pili na kuandika tarehe ya pili. Mwisho wa masika ilikuwapo mistari minne, na tarehe hizo zote nilizinakili katika daftari.

Nilimwita mwenye nyumba mara tatu. Mara ya tatu alikuja, akifuatana na kijana aliyebeba mkebe wa rangi. Kijana alikwangua kuvu kwa kisu, akaujaza ufa kwa saruji, akapaka ukuta wote rangi nyeupe. Mistari yangu na tarehe zangu zikafunikwa pamoja na ufa. Kazi ilipokwisha, ukuta ulikuwa mzuri kuliko siku tuliyohamia. Mke wangu akautazama, akaniuliza, "Na mtoto naye watampaka rangi kifuani?"

Nilimfuata mzee yule nje, nikamweleza kwa adabu kwamba maji bado yamo ukutani. Hakunikasirikia. Alinitazama kwa uchovu, akasema, "Mwalimu, ploti hii nimeijenga kwa kiinua mgongo changu chote. Sina kitu kingine, na wajukuu wangu wanasomeshwa kwa kodi yenu. Kodi yangu ni ya chini. Ukitaka nyumba isiyo na kasoro, ziko kule juu, na kodi yake ni mara tatu ya hii. Kila kitu na bei yake."

Siku ile sikuwa na jibu. Tangu wakati huo nimelitafuta, na hili ndilo jibu nililolipata.

Ni kweli kwamba kila kitu kina bei yake. Mwenye fedha kidogo hawezi kudai vyumba vitano, wala vigae sakafuni, wala bustani. Atapata chumba kidogo, mbali na barabara, na choo atashirikiana na wenzake. Hayo yote huongezeka na kupungua pamoja na bei, na hapana dhuluma ndani yake. Lakini yako mambo ambayo hayawezi kupunguzwa pamoja na bei, kwa sababu yakiondolewa, kile kinachouzwa si kitu kile tena. Tazama mahindi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika nchi yetu, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu, ambayo wataalamu huiita sumukuvu. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Sasa fikiri: muuzaji aweza kukuuzia kwa bei nafuu mahindi madogo, au yaliyovunjika, au yaliyochanganyika na makapi. Lakini je, akikuuzia sumu kwa nusu ya bei, atasema amekupunguzia? Chakula chenye sumu si chakula cha bei rahisi. Si chakula kabisa. Vivyo hivyo nyumba inayoweza kumwangukia mtu usingizini, au inayomnyima mtoto pumzi, haiwi nyumba kwa sababu tu ina mlango na kodi yake ni ndogo. Alipaye kodi hununua haki ya kulala bila ya hofu, na haki hiyo haina nusu.

Wengine watasema, "Mpangaji aliiona nyumba, akakubali kwa hiari yake." Hoja hii ina nguvu pale tu ambapo pande mbili zinajua sawasawa na zinaweza kuchagua sawasawa. Mwenye nyumba ajua ni saruji kiasi gani iliyotiwa katika msingi. Mpangaji aona rangi tu. Mwenye nyumba aweza kungoja mpangaji mwingine. Mpangaji mwenye mtoto mgongoni na godoro juu ya mkokoteni hawezi kungoja. Hiari ya mtu wa namna hiyo ni ndogo, na mtu mwadilifu haitumii kama ngao.

Usidhani, msomaji, kwamba jambo hili ni la nchi zetu peke yake. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, baba mmoja aliyetoka Sudan alilalamika mwaka 2017 kwamba nyumba yake ya kupanga ilikuwa na kuvu. Aliambiwa apake rangi juu yake. Mwezi wa Desemba 2020 mwanawe, aliyekuwa ndiyo kwanza atimize miaka miwili, alifariki, na mwezi wa Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria uliamua kwamba sababu ya kifo chake ilikuwa kuvuta hewa yenye kuvu kwa muda mrefu. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka 2023 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyopewa jina la mtoto huyo, inayowalazimisha wenye nyumba za kijamii kushughulikia kuvu na hatari nyinginezo katika muda uliowekwa; nayo ilianza kutumika mwezi wa Oktoba 2025. Niliposoma habari hiyo niliukumbuka mkebe wa rangi, nikakosa usingizi.

Fikira hii kwamba mjenzi na mwenye nyumba wana deni la uhai ni ya kale sana. Yapata miaka 3,750 iliyopita, mfalme Hammurabi wa Babeli aliamuru sheria zake zichongwe katika jiwe. Mojawapo ilisema kwamba mjenzi akijenga nyumba isiyo imara, ikaanguka na kumwua mwenyewe, mjenzi huyo auawe. Nyingine ilisema kwamba ukuta ukielekea kuanguka, mjenzi autengeneze kwa fedha yake mwenyewe. Adhabu zile zilikuwa kali mno, wala hatuzitamani leo, lakini msingi wake haujabadilika. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kuwa na makao yanayofaa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huihesabu nyumba inayodhuru afya kuwa ni udhia ambao mwenye nyumba aweza kuamriwa auondoe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Basi hatuna upungufu wa sheria. Mbona nyufa zinazidi?

Nadhani jawabu limo katika methali ambayo kila mwanafunzi huijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni ya hekima, lakini iliwafaa watu waliojijengea nyumba zao wenyewe. Kwao jicho lililouona ufa na mkono wa kuuziba vilikuwa vya mtu mmoja. Katika nyumba ya kupanga sivyo. Mpangaji huuona ufa kila asubuhi, lakini ukuta si wake. Mwenye nyumba ndiye mwenye ukuta, lakini halali chini yake, na aghalabu hukaa mtaa mwingine au mji mwingine. Jicho liko huku na mkono uko kule. Kati yao kuna njia moja tu, nayo ni ulimi. Ulimi ukinyamaza, au sikio likikataa kusikia, ufa huendelea na kazi yake.

Matukio mawili yatatosha kulithibitisha neno hili. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha, jumba la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto katika mtaa wa Huruma, Nairobi, lilianguka likiwa limejaa watu. Watu wapatao 50 walikufa. Baada ya siku zaidi ya tatu mtoto mchanga alitolewa chini ya kifusi akiwa hai, amezungushiwa blanketi ndani ya beseni. Mama yake hakupona. Ilielezwa baadaye kwamba jumba lile lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa majumba yaliyopaswa kubomolewa. Watu wengine walijua, basi, lakini kujua kwao hakukuwafikia waliolala.

Mwaka uliofuata, tarehe 12 Juni 2017, nyufa zilionekana katika jumba la ghorofa saba huko Kware, Embakasi. Safari hii neno lilisemwa na likasikiwa. Wapangaji waliambiwa watoke, na wengi wao wakatoka. Usiku uleule jumba likaanguka. Waliobaki ndani walifikwa na maafa, nasi tunawasikitikia. Lakini wengi waliokolewa kwa sababu mtu aliuona ufa, akasema, na wenziwe wakamwamini. Tofauti ya usiku ule wa Huruma na huu wa Kware haikuwa katika saruji. Ilikuwa katika maneno.

Sasa nirudi kwenye habari yangu, maana sijafika penye aibu.

Mwisho wa mwaka nilipata nyumba nyingine. Mwenye nyumba aliniambia kwamba atanirudishia amana yangu ya miezi miwili mara tu atakapopata mpangaji wa kuchukua nafasi yangu. Siku moja jioni alikuja kijana mmoja, fundi cherehani, pamoja na mkewe aliyebeba mtoto. Kiangazi kilikuwa kikali, na ukuta ulikuwa mkavu na mweupe. Fundi akatazama huku na huku, kisha akanigeukia mimi, si mwenye nyumba. Akasema, "Mwalimu, wewe umekaa humu. Nyumba hii ina ubaya wowote?"

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Nilifikiri juu ya amana yangu. Nilifikiri kwamba ukuta umekwisha kutengenezwa, ingawa nilijua kwamba haukutengenezwa. Nikajibu, "Ni nyumba ya utulivu." Maneno yangu yalikuwa ya kweli, kwani majirani hawakuwa na kelele, na kwa maneno hayo ya kweli nilisema uongo mkubwa kuliko wote niliopata kuusema. Wiki ile nilipokea amana yangu kamili, nikamnunulia mtoto wangu kitanda.

Niliyashutumu macho ya mwenye nyumba kwa kuficha ufa chini ya rangi. Mimi niliuficha chini ya neno moja, nami sikuhitaji hata mkebe. Mpangaji anaponyamaza mbele ya mwenye nyumba kwa kuogopa kufukuzwa, namhurumia; huyo ni mnyonge. Lakini mpangaji anapomnyamazia mpangaji mwenziwe ili apate faida yake, amevuka mto na kusimama upande wa pili. Hilo ndilo jibu la swali langu la pili, na nimelilipia.

Miezi minne baadaye, katikati ya masika, nilikutana na fundi yule sokoni. Mkewe alikuwa nyuma yake, na mtoto alikuwa akikohoa kikohozi ambacho nilikitambua kabla sijamwona. Fundi hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Nikajibu, "Nilijua."

Jumamosi iliyofuata nilichukua daftari langu lenye tarehe nne, nikaenda pamoja naye kwa mwenye nyumba. Tulipoona kwamba mazungumzo hayafiki mahali, tulikwenda kwa bwana afya, na wapangaji wengine watatu wakaja pamoja nasi. Bwana afya alifika, akatazama, akatoa amri kwa maandishi. Watu wa upande ule wakahamishwa kwa muda, na fundi mwashi akauvunja ukuta. Ndani yake mlikuwa na bomba lililooza, na chini yake maji yalikuwa yamechimba shimo ambalo mtoto angeweza kuketi ndani. Msingi ulikuwa ukining'inia juu ya shimo hilo. Mzee aliliangalia kwa muda mrefu bila ya kusema, kisha akatwambia kwamba hakujua. Naamini hakujua. Hakujua kwa sababu hakutaka kutazama; nami nilijua nikakataa kusema. Hadi leo siwezi kuamua ni nani kati yetu aliyekuwa na kosa kubwa zaidi.

Katika habari hii kuna wajibu wa watu watatu. Mwenye nyumba apaswa kukumbuka kwamba ameshika amana mbili. Moja ni fedha za mpangaji, nayo huihesabu kwa uangalifu. Nyingine ni uhai wa mpangaji na wa watoto wake, nayo haina risiti. Apaswa kutazama kabla ya kuitwa, na kusikia anapoitwa. Na kama hana fedha za kutengeneza chumba kibovu, basi hana haki ya kukipangisha mpaka azipate.

Mpangaji naye asijione hana deni. Afungue madirisha, asimwage maji ovyo, asivunje kuta kwa misumari na kuziacha wazi, tena alipe kodi kwa wakati wake. Akiona ufa, aweke alama na tarehe. Aandike barua, abaki na nakala yake. Azungumze na majirani, kwa maana mpangaji mmoja hufukuzwa kwa urahisi, lakini wapangaji kumi huitwa kikao. Na atakapohama, amwambie ukweli yule anayemfuata.

Wa tatu ni serikali na watumishi wake. Alama iliyotiwa ukutani kwamba nyumba ibomolewe haimwokoi mtu kama hapana anayewahamisha watu waliomo. Sheria isiyofika mlangoni ni rangi nyingine tu juu ya ufa.

Msomaji kijana, miongoni mwenu wako watakaokuwa wajenzi, wahandisi, mabwana afya na mawakili. Wengi mtakuwa wapangaji, na baadhi mtabarikiwa kuwa na nyumba za kupangisha. Wahenga walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Siwaombi muwe mashujaa. Nawaomba jambo dogo zaidi: siku mtakapoulizwa na mtu aliyebeba mtoto kama nyumba ina ubaya, mjibuni lile mnalolijua.

Kitanda kile nilichokinunua bado kiko nyumbani kwangu. Mwanangu amekuwa mkubwa, na miguu yake yakaribia kufika mwisho wa kitanda. Kila usiku ninapokwenda kuzima taa hukitazama, kisha huutazama ukuta ulio nyuma yake, kutoka darini mpaka sakafuni, ndipo nikaenda kulala.